Picha Aifuate Mwenyewe

Machi 3

Mie Khalfani, kwa jina la jukwaani MC Mzuka, ndiye mtu mwenye bahati kuliko watu wote wa Mbagala, na naandika haya nikiwa na akili zangu timamu. Sijawahi kulazwa. Sindano nimechomwa ile ya bega tu ya utotoni, na hata hiyo nasikia aliyelia ni nesi. Nimeanguka na pikipiki Kongowe, pikipiki ikafa, mie nikaamka nikajipangusa vumbi nikauliza njia. Nimefika Lubumbashi, nimefika Mombasa mara mbili, Zambia nimelishwa nyoka nikaambiwa ni samaki nikaongeza sahani. Mungu alipokuwa anagawa bahati nyumbani kwetu nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, nikabeba na ya wenzangu. Shule nimeishia kidato cha pili, lakini wenye digrii zao wananilipa nije kuwachekesha kwenye harusi zao.

Daftari hili la kaunta nimelinunua niandikie vichekesho vipya. Ramadhani inakuja, harusi hakuna, na mvua nazo ndiyo hizo zimeanza. MC bila harusi ni mtu anayepiga kelele tu.

Mengine ya leo: Lulu, mdogo wangu, amekuja asubuhi kutuambia ana mimba ya miezi mitano. Lulu ana selimundu, sie tunasema sikoseli, tangu kuzaliwa. Madaktari walishamwambia kwamba kwake yeye mimba si mchezo. Mama amejifunga kanga upya. Mie nimesema hongera, nikaenda dukani.

Machi 6

Mvua.

Machi 9

Bati limetoboka juu ya kabati la Mama. Asubuhi tumekuta maji yamejaa kwenye lile begi la picha za nyumbani. Mama alitoa sauti ambayo sijaisikia tangu Baba alipofariki. Nikamwambia, "Mama, si picha tu hizi?" Akaniangalia kama mtu aliyesikia tusi msikitini.

Nikaona nijitolee. Nimefunga kamba mbili chumbani kwangu, ukuta hadi ukuta, nikaazima vibanio vya nguo kwa majirani, na sasa chumba kimekuwa kama duka la nguo za wanasesere. Nachomoa picha moja moja kwenye plastiki zilizogandana, napuliza, nabana kambani. Ni kazi ya taratibu. Ukivuta kwa pupa, uso unabaki kwenye plastiki.

Kamba ya kwanza yote ni Lulu. Kamba ya pili nusu ni Lulu, zilizobaki ni harusi za watu. Mie nipo mara tatu: moja ni mchanga, uchi, nalia. Moja ni ya pasipoti. Na moja ni ya Lulu, sikio langu limeingia pembeni bila kualikwa. Mdogo mtu ana albamu, kaka mtu ana sikio.

Nikamwendea Mama. "Sasa Mama, mie mliniokota wapi?"

"Wewe ulikuwa hukai," akasema. "Na ulikuwa hututishi."

Sijui alimaanisha nini. Nimecheka tu.

Machi 10

Naziandika kabla ukungu haujazila.

Lulu ana miaka mitatu. Ni studio ya Mzee Mwinshehe, pale Rangi Tatu, mbele ya lile pazia lake lililochorwa milima yenye theluji. Lulu amevaa sweta la sufi, Dar es Salaam, mwezi wa pili, jua la kukaangia yai. Baridi ndiyo adui wa watu wa sikoseli, basi Mama alikuwa hataki kusikia habari ya joto. Mguu mmoja umevimba. Mkononi ana ua la plastiki. Anaiangalia kamera kama ndiyo imemkosea.

Lulu ana miaka saba, sare ya darasa la kwanza. Amekalia stuli, maana siku hiyo kusimama ilishindikana. Macho ya njano. Sie watoto tulikuwa tunamwita Bi Manjano, na aliyeanzisha jina ni mie, kipaji kilianza mapema. Yeye ndiye aliyekuwa anacheka kuliko wote. Lakini siku mtoto wa jirani alipolisema kwa ubaya, nilimpiga mpaka tukaitwa kwa mjumbe.

Lulu ana kumi na mbili. Ameshika sikioni ile simu ya mezani ya Mwinshehe isiyo na waya. Nakumbuka nilikuwepo. Aligeuka akaiangalia ile milima ya pazia akasema, "Halo, Ulaya? Theluji yenu mmeisahau huku, mje muichukue."

Lulu kumi na saba, kidato cha nne, miwani ya kuazima, mdomo wazi. Anacheka kwa sababu mie nilikuwa nacheza singeli nyuma ya mpiga picha. Mwaka huo jirani mmoja, sitaji jina, alimwambia Mama asipoteze ada kwa mtoto wa kupita. Leo Lulu ni mwalimu wa chekechea, na mjukuu wa jirani huyo anafundishwa kushika penseli na huyohuyo mtoto wa kupita.

Machi 12

Tumeanza kufunga. Lulu hafungi, daktari kamkataza. Mie nafunga, ila leo nimefunga kwa kulala.

Machi 17

Leo nimeona kitu, na natamani nisingekiona.

Nilikuwa nageuza picha zilizokauka. Kwenye ile ya miaka mitatu, chini, karibu na stuli, kuna chupa ya chai nyekundu yenye maua, imechomoza kwenye kikapu. Nikacheka, nikasema ona mwanamke wa Kizaramo huyu, anakuja studio na chai yake. Nikaenda kwenye ya miaka saba. Chupa ipo. Ya kumi na mbili, ipo, nusu, nyuma ya pindo la pazia. Nikapita kamba nzima. Ipo, ipo, ipo.

Chupa ile naijua. Kwetu ilikuwa haitoki kabatini ila kwa safari moja tu: Lulu akienda kulazwa. Mama anaijaza uji, anaiweka kwenye kikapu pamoja na kanga mbili, wanaondoka.

Kumbe walikuwa wanapitia studio wakiwa njiani kwenda hospitali; hata mara nilizokuwepo mie nilikuwa nacheza tu, getini nawafuata kesho yake. Mtoto anaumwa, miguu imevimba, hawezi hata kusimama, halafu mama yake anasimama kwa Mwinshehe anasema mpige. Kwa nini mtu ampige picha mtoto anayempeleka kulazwa? Hata wa kidato cha pili analijua jibu. Ili asiporudi, pabaki kitu.

Zote hizi nilizokuwa nazionea wivu ni za kuaga. Mama amemuaga mwanawe kamba nzima.

Nimelala kifudifudi ili nisizione. Nimezisikia tu zinavyogongana na upepo.

Machi 19

Mvua. Sijamwambia mtu.

Machi 27

Lulu amekuja kufuturu. Tumbo limekuwa kubwa, mikono imebaki vijiti. Mumewe Farhan ni dereva wa malori, yuko safari ya Zambia, hivyo jioni nyingi anakuja kwetu. Amekula kaimati akapumzika, akala tena, kisha akasema, "Kaka, Idi unipeleke kwa Mwinshehe nikapige picha. Daktari kasema mwezi wa tano nisogee hospitali, nitalala huko muda mrefu."

Nikachukua kaimati nyingine.

"Mwinshehe yupi? Mbona alishafunga studio. Kahamia Kisarawe kwa watoto wake."

"Lini?"

"Aah, zamani. Enzi hizi nani anakwenda studio, sista? Nitakupiga kwa simu, nikuwekee na masikio ya paka."

"Ya simu sitaki." Akaweka kaimati chini. "Kwa hiyo hayupo kabisa?"

"Hayupo."

Mchana wa leo nimepita Rangi Tatu, nimemwona Mzee Mwinshehe kwa macho yangu, amekaa mlangoni pa studio anajipepea na boksi. Nimefunga kutwa nzima, nimefuturu kwa uongo. Lakini sitampeleka. Asiyeagwa haondoki. Ndiyo hesabu yangu, na sitaki kusikia nyingine.

Aprili 2

Ndoo ya tatu chini ya bati. Naota chupa ya chai.

Aprili 10

Idi. Lulu kaja na dera jipya la zambarau, kapaka wanja, kapendeza mpaka nikaogopa. Kila mwenye simu alikuwa anataka kumpiga. Mie nikafanya kazi moja tu siku nzima: shangazi akiinua simu, najitokeza mbele ya Lulu nacheza. Binamu akiinua, naingia na sinia la pilau. Mwaka huu nipo kwenye picha zote za Idi za ukoo mzima, mgongo.

"Huyu Khalfani ana nini leo?" shangazi akauliza.

"Umaarufu umempanda," Lulu akasema. Alicheka, lakini alikuwa ananitazama.

Aprili 20

Kwa Lulu maji yameingia mpaka kwenye godoro. Nimeenda kumchukua, nimembeba mgongoni kuvuka mtaa, watu wananipigia makofi nami naitikia kama mfalme. Ni mwepesi. Na mimba yote ile, ni mwepesi. Sikupenda.

Farhan kapiga simu kutoka Tunduma, foleni ya malori haisogei. "Shemeji, nakuachia mke wangu."

"Usijali, braza. Yuko kwenye mikono yenye bahati."

Nimempa Lulu chumba changu, mie nalala sebuleni. Nimesahau kuzitoa picha. Nimemkuta amekaa katikati ya kamba, uso juu, anazizungusha kwa kidole.

"Huyu mtoto alikuwa mbaya, bwana wee."

"Mbaya sana. Ndiyo maana hakuna aliyekubali kupiga naye."

Akaishika ile ya miaka saba. "Hii hii. Nikiwa wodini nilikuwaga nawaza hii usiku na mchana, kwamba…"

"Unataka chai?" nikamkata. "Nikupikie chai?" Nikatoka mbio. Sikutaka kumsikia akisema alikuwa anawaza nini.

Aprili 26

Kliniki. Damu ya Lulu imeshuka, ikabidi aongezewe, na ndugu tukaombwa kuchangia. Kwenye benchi la wachangiaji nikawatangazia watu: "Jamani, damu yangu ni ya bahati, atakayeipata atashinda na uchaguzi." Sindano ikaingia. Nilichokiona baada ya hapo ni dari, na dada wa maabara amenishikia soda.

Lulu alikuwa kwenye kiti cha magurudumu pale mlangoni, anacheka mpaka anajishika mbavu. "MC Mzuka kazima! Nani atatangaza msiba wake?" Mama naye akacheka, akafuta machozi kwa kanga.

Halafu daktari akamwita Mama pembeni. Mie nikajifanya nasoma bango la kunawa mikono. Mtoto ni mdogo kuliko umri wake. Kifua cha Lulu waangalie sana, kikimbana wasingoje hata saa. Nimelisoma lile bango mpaka nalijua kwa moyo. Niulize chochote kuhusu kunawa.

Mei 1

Bado Farhan hajafika. Lulu anakohoa kidogo. Anasema ni vumbi. Vumbi gani, na mvua yote hii?

Mei 4

Redio tangu asubuhi ni kimbunga, kimbunga, boti zisitoke, watu wakae ndani. Bati la jirani limeruka limekwenda kulala kwa mwingine. Mie nilikuwa nimeshikilia mlango wa uani kwa mgongo pale Mama alipoita, "Khalfani!" Kwa sauti ile ya siku picha zilipolowa.

Lulu amekaa kitandani, mikono kwenye magoti, anavuta pumzi haziji. Midomo imegeuka rangi. Juu yake picha zote zinacheza na upepo, yeye wa miaka mitatu, yeye wa kumi na mbili, na yeye huyu hapa chini anatafuta hewa.

Sijui bajaji niliipataje. Najua nilimwambia dereva nitamtangaza bure kwenye harusi yake, ya watoto wake na ya wajukuu. Maji yalifika kwenye sakafu ya bajaji. Mama anasoma dua, mie napiga stori, napiga stori, sikumbuki hata moja.

Tulipopita Rangi Tatu Lulu akageuza shingo kuangalia upande ule wa maduka. Turubai za bajaji zilikuwa zimeshushwa, hakuna cha kuona.

"Kaka," akasema, kwa kipande cha pumzi. "Tungepita… aah. Hayupo."

Hospitali wamempokea mlangoni, wakamkimbiza. Mie nimebaki getini. Mie huwa siingii wodini. Tangu utoto, mie ni wa getini: nabeba mizigo, nachekesha walinzi, naagiza chai. Mama ndiye mtu wa ndani.

Mei 5

Wamemfanyia upasuaji. Mtoto wa kike, njiti, ni hai, yuko kwenye chumba cha joto. Lulu yuko kwenye oksijeni, kifua kimemjaa, hajafumbua macho sawasawa. Daktari kasema saa hizi ndizo zenyewe. Sikuuliza zenyewe za nini.

Nimekaa na Mama kwenye benchi la nje. Yuko na kile kikapu. Chupa nyekundu ilishavunjika zamani, sasa ni ya bati, lakini kikapu ni kilekile.

Ghafla akauliza, "Mlikwenda lini kupiga picha?"

"Picha ya nini, Mama?"

"Kwa Mwinshehe. Lulu alisema Idi utampeleka wewe, mie magoti haya nilishindwa. Mlikwenda?"

Nikasema hatukwenda. Nikasema nilimwambia Mwinshehe amehamia Kisarawe.

"Kisarawe? Mkewe wiki iliyopita tulikuwa naye msibani!"

"Mama, nilizielewa zile picha. Niliiona chupa ya chai. Zile ni za kuaga, na mie sikutaka tumuage."

Mama akanigeukia taratibu. Alinitazama kwa muda kama anatafuta mtoto gani huyu.

"Nani alikwambia ni za kuaga?"

"Sasa mtu unampiga picha mgonjwa njiani kwenda…"

"Khalfani. Zamani picha ilikuwa inatoka siku hiyohiyo?"

Nikatikisa kichwa.

"Ilikuwa mpaka filamu iishe, ikasafishwe mjini, irudi. Wiki, wiki mbili. Siku ile ya kwanza Lulu ana miaka mitatu, daktari alishaniambia nisimtegemee. Nikampitisha kwa Mwinshehe. Nikamwambia Lulu, umeona, sura yako nimeiacha humu ndani ya hili boksi. Ukipona, unakuja kuifuata mwenyewe, kwa miguu yako. Na Mwinshehe nikamwambia mbele yake: asipewe mtu. Hata mie. Hata baba yake. Yule mtoto wodini alikuwa halii maumivu, alikuwa analilia picha yake. Anakunywa uji ili atoke akaone imetokaje. Akatoka. Na mara ya pili, na ya tatu. Alipokuwa mkubwa akawa anajipeleka mwenyewe. Lulu haingiagi hospitali mpaka awe amebakisha kitu nje kinamngoja."

Akakiweka kikapu chini.

"Safari hii kaingia hana kitu nje."

"Mtoto je?"

"Mtoto yuko ndani naye."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua mikono yangu niiweke wapi.

Mei 6

Studio ya Mwinshehe siku hizi ni fotokopi, picha za pasipoti na kava za simu. Pazia la milima lipo, theluji imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Mzee mwenyewe alikuwa anafagia maji.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe si mtoto wa Bi Hamisa? Yule asiyetulia?"

"Ndiye."

"Lulu yuko wapi? Nilimngoja Idi. Nilisikia ana mimba, nikasema lazima atapita."

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama majini. Nikamwambia bajaji iko nje, achukue kamera twende.

"Siendi," akasema.

"Mzee, nakuomba. Nakupigia magoti hapahapa kwenye maji."

"Usilowe bure. Kwanza manesi hawataruhusu, na ni haki yao. Pili, mtu aliyelala kitandani mie simpigi. Nilipiga zamani, mara mbili. Waliokuja kuchukua ni ndugu."

Nikakaa kwenye stuli. Ndiyo stuli ileile, imepigwa misumari mipya. Nilikaa mpaka Mzee akaanza kuniangalia kama fanicha. Halafu nikasema, "Basi nipige mie."

"Wewe unaumwa nini?"

"Siumwi. Nipige, isafishe, andika jina la Lulu. Asipewe mtu mwingine. Hata Mama. Hata mie mwenyewe nikija nalia."

Mzee aliegemea fagio lake. "Kavae, basi. Sio na kandambili hizo."

Nimerudi na suti yangu ya njano ya jukwaani na viatu vya ncha. Akaniweka mbele ya milima, akanishikisha ile simu isiyo na waya, akasema cheka. Nimeshindwa. Mie, kazi yangu ni hiyo, nina meno yote, nimeshindwa kucheka mbele ya pazia. Akangoja, akangoja, kisha akapiga hivyohivyo.

Kamera za siku hizi zinaonyesha picha palepale. Nikanyoosha shingo. Mzee akakifunika kioo kwa kiganja.

"Sio yako hii," akasema.

Mei 7

Nimeingia wodini.

Nesi Felicitas, dada mmoja wa Kihaya mwenye sauti ya darasani, akanisimamisha mlangoni. "Wewe ndiye kaka yake? Yule wa getini?"

"Ndiye mimi, sista."

"Walinzi wanakusifu. Huku ndani sitaki vichekesho. Dakika chache. Nawa mikono."

Kunawa naweza. Miguu ndiyo ilikuwa haitaki.

Lulu yuko chini ya mipira na mashine. Barakoa ya oksijeni imemmeza uso. Amekuwa mdogo, nakwambia, amekuwa yule wa miaka mitatu bila sweta. Nikaketi. Mbele ya watu mia nne naongea bila karatasi, pale nikatafuta neno la kwanza kama nalitafuta gizani.

"Lulu. Mwinshehe yupo. Nilikudanganya. Hajawahi kuhama hata mtaa."

Mashine inapumua.

"Nilidhani ni picha za kuaga. Nikaogopa. Sasa jana nimekwenda mwenyewe, nimepigwa mie, na suti ya njano, na ile simu ya Ulaya. Ipo pale kwa jina lako. Mzee kakataa hata kunionyesha. Hakuna mtu duniani anayeijua imetokaje, na hakuna atakayepewa isipokuwa wewe. Usipokwenda itakaa palepale mpaka iote ukungu, na ndiyo picha yangu pekee ya maana, sista. Mie nina sikio tu."

Macho yakafunguka kidogo, ya njano, kama zamani. Akasema kitu ndani ya barakoa. Nikainama.

"Ume… cheka?"

"Sisemi. Nenda kaone."

"Mjinga wewe," akasema. Kisha akafumba, na mashine moja ikaanza kulia, Felicitas akaja mbio akanisukuma nje, na mlango ukafungwa. Nimekaa sakafuni koridoni. Walipotoka kusema ametulia, nilikuwa bado palepale.

Mei 8

Mvua imekatika. Heri inyeshe. Kimya hiki kinanitisha.

Mei 9

Lulu homa imempanda tena. Kila simu ikiita, nasoma jina mara mbili kabla ya kupokea. Mtu kanipigia kuniuliza bei ya kusherehesha kipaimara, nikamkatia.

Mei 11

Farhan amefika, na vumbi la barabara nzima mwilini. Amekwenda kumwona mtoto, karudi anaonyesha kwa mikono urefu wake, hivi, kama mkate. Amelia, nikamshika. Nilitafuta cha kumchekesha, sikupata.

Mei 14

Leo wameitoa oksijeni kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, wakairudisha. Wanasema ndivyo wanavyofanya, wanamzoesha. Amekunywa uji. Vijiko vichache, amemsumbua Mama kwamba hauna sukari. Amemuuliza Felicitas kutoka hapa hadi Rangi Tatu ni mbali kiasi gani kwa mtu aliyeshonwa tumbo. Felicitas kamwambia akanyage kwanza kutoka kitandani hadi dirishani. Jioni amekanyaga, Farhan upande mmoja, mie upande mwingine, akafika katikati ya chumba, akachoka, tukamrudisha.

Daktari kasema bado. Kasema mtoto pia bado. Tusishangilie.

Sishangilii. Nimekaa kwenye kiti pembeni ya kitanda, yeye amelala, nahesabu kifua kinavyopanda na kushuka, na mkono mmoja naandika. Nimefungua daftari mwanzo nikasoma pale nilipoandika kwamba mie ndiye mtu mwenye bahati kuliko watu wote wa Mbagala. Ni uongo. Asubuhi ile Lulu alipotuambia ana mimba sikwenda dukani. Nilikwenda chooni nikatapika, nikajifungia mpaka nikasikia ameondoka, ndipo nikakaa chini nikaandika yale maneno. Sina bahati yoyote, na sijawahi kuwa nayo. Naogopa tu, tangu nina miaka mitano, siku Lulu alipobebwa mara ya kwanza kwenda kulazwa.